Ukaguzi wa usalama wa mizigo inayosafiri kwa ndege za abiria kutoka Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wiki kwenye kaunta za mawakala wa mizigo kule Embakasi, penye uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, JKIA. Wanaouliza ni wengi: mkulima wa maua, mfanyabiashara wa Eastleigh, mzazi anayemtumia mtoto wake unga na majani chai ughaibuni. Tumeyapanga kuanzia yale mepesi hadi yale yanayowasumbua hata mawakala wenyewe. Jibu likihitaji jingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Kwani ndege ya abiria hubeba mizigo ya watu wasiosafiri nayo?

Ndiyo, tena kwa wingi. Masanduku ya wasafiri yakishapakiwa, nafasi inayobaki kwenye tumbo la ndege huuzwa kwa kilo. Dreamliner inayoondoka JKIA usiku kwenda Ulaya inaweza kuwa na waridi, mishiri, parachichi, minofu ya samaki na vipuri chini ya watu waliolala. Ndege za mizigo mitupu, zisizobeba abiria, zipo pia, na ndizo hubeba maua mengi, lakini haziendi kila mji wala kila siku. Mwenye katoni tatu za kwenda mji usiofikiwa na ndege hizo hutegemea ndege ya abiria.

Tumbo hilo lina kimo chake. Hata kwenye ndege kubwa, paleti (jukwaa ambalo katoni hupangwa na kufungwa pamoja) inayozidi kimo cha takriban sentimita 160 haiingii. Kwenye Boeing 737 na Embraer hakuna paleti kabisa. Boksi hupakiwa moja moja kwa mkono.

2. Wanatafuta nini hasa?

Kilipuzi, au kitu kilichotengenezwa kiwake moto ndege ikiwa angani. Ushuru, wadudu na bidhaa bandia vina wakaguzi wake (swali la 4).

Ukitaka kuelewa kwa nini kanuni zilikazwa, rudi Oktoba 29, 2010. Vifurushi viwili vilivyotumwa kutoka Yemen kwenda Chicago vilikutwa na printa, na ndani ya katriji za wino wa unga kulikuwa na kilipuzi aina ya PETN. Kimoja kilinaswa Dubai, kingine uwanja wa East Midlands, Uingereza. Kile cha Dubai kilikuwa kimeshasafiri kwa ndege za abiria, kutoka Sanaa hadi Doha na kisha Dubai. La kutisha zaidi ni kwamba hakuna mashine iliyovigundua: taarifa zilitoka kwa ujasusi wa Saudi Arabia, na hata baada ya kudokezwa, wapekuzi wa East Midlands hawakukiona kilipuzi mara ya kwanza.

Julai 2024 vifurushi vyenye vifaa vya kuwasha moto viliwaka kwenye vituo vya mizigo Leipzig, Ujerumani, na Birmingham, Uingereza. Masharti kwa watumaji wasiojulikana yakaongezwa tena. Kwa hiyo karani anapokuuliza maswali mengi kuhusu katoni ya nguo, hajakushuku wewe binafsi.

3. Hii ni sheria ya Kenya au ya wazungu?

Zote mbili, na ya ulimwengu juu yake. Shina ni Mkataba wa Chicago wa 1944. Kiambatisho chake cha 17, kinachohusu usalama dhidi ya uhalifu, kilipitishwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mwaka 1974, na kila nchi mwanachama inapaswa kukitekeleza. Hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, inaendesha uwanja, na shirika la ndege ndilo linalobeba jukumu la mwisho la kile kinachoingia tumboni mwa ndege yake.

Kisha nchi mzigo unakokwenda huongeza yake. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2007 iliyotaka mizigo yote ya ndege za abiria ikaguliwe, na kufikia Agosti 2010 ikawa hivyo kwa safari zinazoanzia huko. Zinazoingia zilifuata baadaye. Hilo lilitugusa moja kwa moja Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka Nairobi hadi New York bila kutua. Umoja wa Ulaya nao unadai shirika linalopeleka mizigo kwake liwe na idhini iitwayo ACC3, na tangu Julai 1, 2014 idhini hiyo hutolewa baada ya mkaguzi huru kuja kuona kwa macho kazi inavyofanyika hapa. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja huo ilibaki na mfumo wake unaofanana.

Kanuni zikigongana, inayofuatwa ni ile kali zaidi. Ndiyo maana boksi la kwenda Kisumu na la kwenda Paris hayapitii hatua zilezile.

4. Nimeshapita forodha na KEPHIS. Mbona nakaguliwa tena?

Kwa sababu kila mmoja ana swali lake. Forodha ya Mamlaka ya Mapato, KRA, inauliza kama bidhaa na thamani yake vimetangazwa sawasawa. KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, inauliza kama mmea una wadudu au ugonjwa, na ikiridhika inatoa cheti cha afya ya mimea. Wakaguzi wa usalama wanauliza jambo moja: je, kitu hiki kinaweza kuiangusha ndege? Muhuri wa mmoja haumzuii mwingine.

Mkanganyiko mkubwa ni kati ya usalama na bidhaa hatari. Rangi, gesi, manukato na betri havitumwi na gaidi. Hutumwa na watu wa kawaida, lakini vinaweza kuwaka bila mtu kukusudia. Vina kanuni zake za kufungasha na kutangaza, na mzigo unaweza kufaulu upande mmoja ukaanguka upande wa pili (swali la 14).

## Mashine, mbwa na mikono

5. Mzigo unakaguliwaje?

Njia zinazokubalika si nyingi: eksirei, mashine za kompyuta zinazotambua vilipuzi zenyewe, kupangusa boksi kwa kitambaa maalumu na kupima chembechembe, mbwa wa kunusa, na kufungua na kupekua kwa mkono. Njia huchaguliwa kulingana na mzigo. Eksirei inafaa katoni za nguo. Haifai injini ya lori.

Msingi wa kazi ni kwamba kila kipande hukaguliwa. Paleti iliyokwisha kufungwa nyavu na nailoni haipigwi picha moja ikasemekana katoni 60 zilizomo ni salama, kwa sababu zinafichana. Ukileta paleti iliyofungwa na wewe si mtumaji anayetambuliwa, itafunguliwa, ikaguliwe katoni kwa katoni, ijengwe upya, na gharama ni yako. Leta katoni zikiwa huru, paleti ijengwe baada ya ukaguzi.

Mzigo ukionekana kuwa wa hatari ya juu, kwa mfano umefunguliwa njiani au kuna taarifa za kijasusi, njia moja haitoshi.

6. Boksi langu halikuwa na kitu kibaya. Kwa nini lilifunguliwa?

Mara nyingi kwa sababu picha haikusomeka. Eksirei hutofautisha vitu kwa uzito wa atomu zake na kuvipaka rangi: vya asili ya kikaboni huonekana rangi ya machungwa, metali bluu, mchanganyiko kijani. Kitu kizito sana hutokea cheusi, na mwendesha mashine haruhusiwi kukisia kilichoko nyuma ya weusi huo.

Hapa Nairobi mshtakiwa wa kwanza ni sanamu za mawe ya Kisii. Wauzaji wa vinyago hupanga sahani, mishumaa na viboko wa mawe safu juu ya safu hadi boksi linakuwa tofali. Boksi hilo litafunguliwa leo na kesho. Gawanya kwenye maboksi madogo, weka safu mbili badala ya tano, nafasi kati yake ijazwe karatasi. Vipuri vya gari na bidhaa za chuma za Kamukunji zina tabia hiyohiyo.

Mshtakiwa wa pili ni chakula. Unga, sukari, asali na majani chai yaliyoshindiliwa vina msongamano unaokaribiana na wa baadhi ya vilipuzi, na vyote hutoka rangi ya machungwa. Mzazi aliyepakia pakiti 12 za unga wa mahindi katikati ya nguo, na chaja ya simu juu yake ikiwa na nyaya zake, ametengeneza picha ambayo hakuna mkaguzi ataiachia. Weka vyakula pamoja upande mmoja, vya umeme upande mwingine, na usiondoe pakiti za dukani zenye maandishi.

7. Mashine ya chembechembe ililia kwenye maboksi ya shamba letu. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Mashine hiyo inatafuta kemikali, na baadhi zinapatikana kwenye maisha ya kawaida. Mbolea ya CAN ina nitrati ya amonia. Mfanyakazi aliyeshika gunia la mbolea asubuhi na kufunga katoni mchana anaweza kuacha alama juu ya utepe. Baadhi ya losheni za mikono zenye gliserini, na dawa za moyo zenye nitrogliserini, nazo zimewahi kuleta kelele hizo.

Mashine ikilia, mzigo haukataliwi hapohapo. Hupimwa tena, kisha hutumika njia nyingine mpaka sababu ijulikane. Shamba linaloona haya mara kwa mara litenganishe ghala la mbolea na chumba cha kufungashia, na wafungashaji wawe na glavu zao. Ni jambo dogo, ajabu ni mashamba mangapi yanasubiri mpaka yakose ndege.

8. Eksirei inaharibu chakula, mbegu, dawa au chanjo?

Hapana. Chakula hakiwi na mionzi kwa kupigwa picha, na kipimo kinachotumika kukagua ni kidogo mno kuliko kile cha kuua vijidudu. Mbegu huota, vidonge hubaki vilivyo. Kinachoweza kuharibika ni filamu za kamera ambazo hazijasafishwa. Hizo ziandike waziwazi juu ya boksi na uombe ukaguzi wa mkono kabla hujafika kwenye foleni.

Chanjo na sampuli za maabara haziharibiwi na mashine, zinaharibiwa na kusubiri nje ya baridi. Hapo ndipo panapostahili wasiwasi wako.

9. Mbwa ninaowaona JKIA ndio hao wa kutafuta mabomu?

Si wote. Shirika la Wanyamapori, KWS, lina mbwa wake uwanjani waliofundishwa kunusa pembe za ndovu na vifaru na bidhaa nyingine za wanyamapori. Mbwa wa vilipuzi ni wengine, wamefundishwa kivyao na hupimwa kivyao. Aliyefundishwa pembe akipita karibu na katoni zako bila kusimama, hilo halihesabiwi kuwa ukaguzi wa usalama wa ndege.

## Anayejulikana na asiyejulikana

10. Kuna mashamba ambayo maua yao hayapigwi eksirei. Ni upendeleo?

Ni mfumo, ingawa ukiwa kwenye foleni unafanana na upendeleo. Kampuni inaweza kuomba kuwa mtumaji anayetambuliwa: inaweka uzio na milango yenye ulinzi, inachunguza historia za wafanyakazi wanaogusa mzigo, inawafunza, inafunga maboksi ili yakichezewa ionekane, na inakubali kukaguliwa bila taarifa. Ikifaulu, mzigo wake huhesabiwa kuwa salama tangu shambani. Kwa mizigo ya Ulaya idhini hiyo huitwa KC3, ya wakala anayekagua mizigo ya wengine ni RA3, na kila moja haizidi miaka 3 kabla ya kuthibitishwa upya.

Kwa maua faida ni kubwa. Waridi hutakiwa lisafiri kwenye baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri, na kila dakika katoni inaposimama kwenye mkanda wa mashine nje ya chumba cha baridi hupunguza siku zake ndani ya chombo cha maua Ulaya. Ila usidhani idhini ni karatasi ya kuning'iniza ofisini. Geti likiachwa wazi, au lori likichukua abiria njiani, usalama wa mzigo umekwisha hata kama cheti bado kinang'aa.

11. Mimi hutuma mara moja kwa mwaka. Nifanye nini?

Pitia wakala aliyeidhinishwa. Yeye ndiye atakayehakikisha mzigo umekaguliwa. Njoo na kitambulisho au pasipoti, jina na anwani kamili ya mpokeaji, na orodha ya kila kilichomo. "Zawadi" au "vitu vya nyumbani" siyo orodha. Andika "mashuka 4, viatu jozi 3, unga wa mahindi kilo 6".

Lilete boksi bila kulifunga moja kwa moja ukiweza, maana likifunguliwa utepe wako hautarudi ulivyokuwa. Na usikubali kumbebea jirani kifurushi ndani ya boksi lako. Ukitia saini tamko, umesema kila kilichomo unakijua.

12. Herufi SPX kwenye karatasi zangu zina maana gani?

Kwamba mzigo umefikia kiwango cha kupakiwa kwenye ndege ya abiria. Ukiona SHR, umekidhi masharti ya mizigo ya hatari ya juu. Herufi hizo hukaa kwenye tamko la usalama, linaloeleza pia nani alikagua, kwa njia gani, na lini. Wakala akikuambia mzigo "uko sawa" lakini tamko halina njia wala saa ya ukaguzi, shirika la ndege lina haki ya kuukataa, na kusema kweli linapaswa kuukataa.

13. Mzigo ukishakaguliwa, unaweza kukaguliwa tena?

Unaweza, na hapa ndipo watu hupoteza ndege bila kuelewa sababu. Ukaguzi haudumu kwenye boksi. Unadumu kwenye ulinzi wa boksi. Tangu dakika ya kupita mashine hadi mlango wa ndege unapofungwa, mzigo lazima uwe chini ya macho ya mtu aliyeidhinishwa au mahali palipofungwa. Lori likisimama Mombasa Road dereva anywe chai, na lakiri ikikutwa imekatika au namba yake haifanani na iliyoandikwa, mzigo unarudi kuwa usiojulikana na kuanza upya. Hakuna anayehitaji kuthibitisha kwamba umechezewa. Inatosha kwamba hakuna awezaye kuthibitisha haukuchezewa.

Mizigo inayopitia Nairobi kutoka Entebbe, Kigali au kwingineko inafuata kanuni hiyo. Ikija na hadhi ya usalama inayotambuliwa na kulindwa wakati wa kubadili ndege, inaendelea. Isipokuwa hivyo, inakaguliwa hapa.

## Mizigo yenye matata

14. Natuma simu, pawabenki na betri za akiba. Zitapita?

Simu ikiwa na betri ndani yake, ikifungashwa na kutangazwa sawasawa, inaweza kupita. Betri za litiamu-ioni zinazotumwa zenyewe, pamoja na pawabenki, zimepigwa marufuku kama mizigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 1, 2016. Zile za litiamu-metali tangu mwanzoni mwa 2015. Haijalishi ni mpya au za kampuni kubwa. Njia yake ni ndege ya mizigo mitupu, kwa masharti, ikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30.

Kila mara kuna anayezificha ndani ya viatu. Eksirei inaziona vizuri sana. Kilichokuwa suala la kufungasha kinageuka kuwa suala la udanganyifu, na jina lako linabaki kwenye kumbukumbu za wakala.

15. Nimeambiwa mzigo "usipakiwe" ingawa ulishapita mashine. Imekuwaje?

Siku hizi taarifa za mzigo hutangulia mzigo. Marekani ilifanya hilo kuwa lazima mwaka 2018. Umoja wa Ulaya ulianza na vifurushi vya posta na kuria Machi 2021, kisha mizigo ya kawaida ya ndege Machi 2023. Kabla ya kupakia, jina la mtumaji, la mpokeaji na maelezo ya bidhaa hutumwa huko, na jibu hurudi: endelea, toa maelezo zaidi, kagua tena, au usipakie kabisa.

Amri ya kutopakia ni nadra na ni nzito. Haijadiliki na karani wa kaunta. Lakini ombi la maelezo zaidi ni la kila siku, na chanzo chake ni uvivu wa kuandika. "Bidhaa mchanganyiko", "sampuli", "vipuri" bila kusema vya nini: maneno haya husimamisha mzigo kuliko mashine yoyote iliyoko Embakasi.

16. Gharama ni kiasi gani, na inachukua muda gani?

Ada ya usalama hutozwa kwa kilo, ikiwa na kiwango cha chini, na hutokea kwenye hati ya usafirishaji kama mstari wake peke yake. Kupekua kwa mkono na kujenga upya paleti hulipiwa zaidi. Uliza bei hizo kabla, si baada.

Katoni moja hupita eksirei kwa dakika chache. Muda huliwa na foleni, hasa wiki zinazotangulia Februari 14, waridi linapofurika kila shedi. Kama mzigo wako hauna haraka, epuka majuma hayo.

17. Na wanyama hai?

Hawapitishwi eksirei kiholela. Kreti hukaguliwa kwa macho na mikono, chini, pembeni na kwenye matandiko, mnyama akiwa ametolewa ikiwezekana. Vifaranga vya siku moja hukaguliwa upesi kwa sababu hawana muda wa kusubiri. Panga wafike karibu na saa ya kupakia, si asubuhi kwa ndege ya usiku.

18. Tunasafirisha marehemu. Jeneza litafunguliwa?

Kwa kawaida usalama wake hujengwa juu ya hati na mnyororo wa watu: cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili, kibali, na nyumba ya mazishi inayojulikana iliyofunga jeneza na kuweka lakiri. Tumia kampuni inayofanya kazi hii mara kwa mara. Familia iliyofiwa haifai kujifunza taratibu hizi kwenye kaunta. Majivu yaweke kwenye chombo cha mbao au plastiki. Chombo cha chuma kinaweza kutoa picha nyeusi, kama yale mawe ya swali la 6, na hakuna anayependa kuambiwa kifunguliwe.

19. Mfuko wa kidiplomasia nao hukaguliwa?

Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 27, unasema mfuko huo haufunguliwi wala hauzuiliwi. Hautaji eksirei, na nchi hazijakubaliana kama kupiga picha ni sawa na kufungua. Shirika la ndege nalo linaweza kukataa kuubeba kama halijaridhika, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo na ubalozi huanzia.

Mkataba huohuo unataka mfuko uwe na alama za nje zinazoonekana, na uwe na hati za kidiplomasia au vitu vya matumizi rasmi tu. Katoni ya mtu binafsi iliyoandikwa "UBALOZI" kwa kalamu ya wino huwekwa kwenye mkanda wa mashine kama nyingine zote.